Doa kwenye picha ya ubongo: kwa nini daktari hataji saratani siku hiyohiyo

Mgonjwa ameingizwa kwenye mashine ya CT, ametoka, na baada ya saa chache familia inaitwa ndani. Kwenye skrini kuna doa jeupe katikati ya ubongo. Swali la kwanza la jamaa karibu kila mara ni lile lile: je, ni saratani? Jibu ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba picha peke yake haiwezi kusema.

Jibu hilo huwakera watu, na haki yao. Wamelipa nauli, wamekaa foleni tangu alfajiri, pengine wameuza mbuzi ili kipimo kifanywe. Lakini kuna ugonjwa mmoja ambao subira hiyo ndiyo huamua kama mgonjwa atatibiwa maradhi aliyo nayo au maradhi mengine yanayofanana nayo. Ni limfoma inayoanzia kwenye mfumo mkuu wa neva.

Ugonjwa wenyewe

Limfoma ni saratani ya limfosaiti, zile chembe nyeupe za damu zinazoulinda mwili dhidi ya maradhi. Kwa kawaida hujitokeza kwenye tezi za shingo, kwapa au kinena, mahali ambapo mtu anaweza kuugusa uvimbe kwa mkono. Aina inayozungumziwa hapa haina tezi za kugusa. Huanzia ndani ya ubongo, kwenye uti wa mgongo, kwenye maji yanayouzunguka ubongo na uti huo, na wakati mwingine ndani ya jicho, bila kuonekana popote pengine mwilini.

Ni ugonjwa nadra. Nchini Marekani, ambako saratani zimekuwa zikisajiliwa kwa miaka mingi, huwapata watu kama 4 au 5 kati ya kila milioni 1 kwa mwaka. Wanaopatwa wako katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni watu wa umri mkubwa, hasa waliopita miaka 60, ambao kinga yao ya mwili haina tatizo linalojulikana. La pili ni wale ambao kinga yao imeshuka sana: waliopandikizwa kiungo kama figo na wanatumia dawa za kutuliza kinga, na watu wanaoishi na HIV ambao hawajaanza ARV au wameziacha, hadi CD4 zikashuka chini ya 50.

Katika kundi hili la HIV, ugonjwa karibu kila mara huambatana na virusi vya Epstein-Barr. Historia ya virusi hivyo inapita jirani kabisa na kwetu. Viligunduliwa mwaka wa 1964 jijini London katika sampuli za uvimbe zilizotoka Uganda, za watoto wenye limfoma ya taya ambayo daktari wa upasuaji Denis Burkitt alikuwa ameieleza akifanya kazi Kampala. Watu wazima wengi duniani wanabeba virusi hivyo maisha yao yote bila kudhurika. Tatizo huanza kinga inaposhindwa kuvidhibiti.

Dalili zinazopotosha

Kiharusi humwangusha mtu kwa dakika. Limfoma ya ubongo huja kwa wiki kadhaa. Mzee aliyekuwa akisimamia hesabu za duka lake anaanza kukosea chenji. Mama aliyekuwa mcheshi ananyamaza, anakaa kitandani mchana kutwa na hajali tena kinachoendelea nyumbani. Mguu mmoja unaanza kuburuta. Wengine hupata maumivu ya kichwa na kutapika asubuhi, wengine kifafa kwa mara ya kwanza wakiwa watu wazima, wengine huona vitu kama nzi wanaoelea mbele ya macho.

Kwa kuwa mabadiliko ya tabia hutangulia mara nyingi, familia hudhani ni uzee, msongo wa mawazo au kurogwa, na wiki zinapita. Homa na kutoka jasho usiku, ambazo huonekana katika limfoma nyingine, hapa mara nyingi hazipo. Mtu mzima anayebadilika tabia, anayepoteza kumbukumbu au nguvu za upande mmoja ndani ya wiki chache anahitaji kupigwa picha ya ubongo, hata kama amepimwa malaria na taifodi na kupewa dawa. Wahudumu wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba ndio hukutana na watu hawa mapema kuliko daktari yeyote, na rufaa yao ya kwenda kituo cha afya ina uzito.

Mashine inaona nini

Kabla ya mashine ya CT, ubongo wa mtu aliye hai haukuonekana kwenye eksirei ya kawaida. Daktari aliona fuvu. Ili kupata fununu ya uvimbe, maji ya ubongo yalitolewa na hewa kuingizwa mahali pake, jambo lililomtesa mgonjwa vibaya. Hali hiyo ilianza kubadilika tarehe 1 Oktoba 1971, mgonjwa wa kwanza, mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe kichwani, alipopigwa picha kwa mashine iliyobuniwa na mhandisi Godfrey Hounsfield, katika hospitali moja ya Wimbledon, London.

CT hutumia miale ya eksirei kutoka pande zote za kichwa, kisha kompyuta huunganisha vipande hivyo. Kitu kizito huonekana cheupe, chepesi huonekana cheusi. Limfoma huwa nyeupe kidogo kuliko ubongo unaoizunguka kwa sababu chembe zake zimesongamana mno, na kila chembe ina kiini kikubwa na maji machache.

Msongamano huo huo ndio unaoisaidia MRI, ambayo haitumii eksirei bali sumaku yenye nguvu nyingi na mawimbi ya redio. MRI inaweza kupima jinsi maji yanavyosogea ndani ya tishu. Katika ubongo wa kawaida, chembe ndogo za maji huzunguka kama watu kwenye uwanja wa soko siku isiyo ya soko. Ndani ya limfoma ni kama matatu ya saa kumi na mbili asubuhi: kila mtu yupo lakini hakuna anayeweza kugeuka. Sehemu hiyo hung'aa kwenye picha, na mtaalamu wa radiolojia anaposoma kwamba maji yamebanwa hivyo, limfoma huingia kwenye orodha ya washukiwa.

Jambo la tatu ni dawa inayodungwa kwenye mshipa wa mkono kabla ya picha za mwisho. Mishipa ya damu ya ubongo ina ukuta mkali, mfano wa askari wa getini asiyeruhusu mgeni yeyote. Limfoma huuvunja ukuta huo, dawa ikavuja hadi ndani ya uvimbe, na uvimbe ukawaka wote kwa usawa. Kwa mtu mwenye kinga nzuri, doa linalowaka sawasawa, lililo ndani kabisa ya ubongo, karibu na vyumba vya maji au kwenye daraja la neva linalounganisha nusu mbili za ubongo, ni picha inayomfanya daktari aiwaze limfoma haraka. Ndiyo maana mgonjwa akiambiwa arudi kwa picha "yenye dawa" asidhani anatozwa mara mbili bure. Picha isiyo na dawa inaweza kukosa nusu ya habari.

Sura moja, magonjwa matatu

Kwa mtu mwenye HIV iliyokithiri, mambo hugeuka. Limfoma hukua haraka kiasi kwamba katikati yake hufa, na kwenye picha hubaki pete inayong'aa yenye shimo jeusi. Shida ni kwamba toksoplasmosisi, maambukizi ya kimelea kinachopatikana kwenye kinyesi cha paka na nyama isiyoiva, nayo hutoa pete. Uvimbe wa kifua kikuu kwenye ubongo pia hutoa pete. Magonjwa matatu, dawa tofauti kabisa, na sura karibu moja.

Kuna vidokezo. Toksoplasmosisi mara nyingi huwa na madoa mengi, limfoma huenda ikawa na moja kubwa, hasa likizidi sentimita 4 na kugusa ukuta wa vyumba vya maji. Lakini vidokezo si ushahidi, na hakuna daktari mwangalifu atakayeanzisha dawa za saratani kwa sababu ya ukubwa wa doa.

Kwa hiyo kinachofanyika mara nyingi ni jaribio la tiba. Mgonjwa hupewa dawa ya toksoplasmosisi, hapa nchini mara nyingi ni septrin kwa kipimo cha juu, na baada ya takriban wiki mbili hupigwa picha nyingine. Madoa yakiwa yamenywea, ugonjwa umejulikana na matibabu yanaendelea. Yasiponywea, au yakikua, limfoma hupanda juu kwenye orodha. Mgonjwa aliyekuwa akimeza septrin ya kinga kila siku bila kukosa, na ambaye damu yake haionyeshi dalili ya kuwahi kuambukizwa toksoplasma, hushukiwa limfoma mapema zaidi. Hapo ukweli kuhusu dawa alizozimeza na alizoziacha ni muhimu kama picha yenyewe. Mgonjwa anayeogopa kugombezwa kwa kuacha ARV akadanganya kwamba hajawahi kukosa, anampeleka daktari njia isiyo yake.

Picha ya pili ya wiki mbili ndiyo familia nyingi huikosa. Mgonjwa amepata nafuu kidogo, nauli imekwisha, shamba linangoja. Bila picha hiyo, ile ya kwanza haina maana kubwa.

Dawa inayofuta ushahidi

Kuna kosa moja linaloweza kuharibu kazi yote hii, na mara nyingi hufanywa kwa nia njema. Steroidi, kama vile deksamethasoni na prednisoloni, hupunguza uvimbe wa ubongo haraka. Mgonjwa aliyekuwa amelala anaamka, anakula, anaongea. Familia inafurahi. Ikiwa ugonjwa ni limfoma, kilichotokea ni kwamba steroidi zimeua sehemu ya chembe za saratani. Doa linaweza kusinyaa au kutoweka kabisa kwenye picha, na kipande kikichukuliwa ubongoni wakati huo, maabara inaweza kukuta tishu iliyokufa tu isiyosema lolote. Madaktari huuita uvimbe wa mzuka. Baada ya wiki au miezi hurudi, na mara nyingi mgonjwa ni dhaifu kuliko mwanzo.

Katika nchi yenye kifua kikuu kingi, mtego huu ni mkubwa zaidi, kwa kuwa steroidi ni sehemu halali ya matibabu ya kifua kikuu kilichoingia kwenye utando wa ubongo. Mtu mwenye limfoma akidhaniwa ana kifua kikuu, atapewa dawa za TB pamoja na steroidi, atapata nafuu, na kila mtu ataamini TB imepona. Nafuu ya ghafla baada ya steroidi, ikifuatiwa na kurudi kwa dalili, ni habari ambayo daktari anapaswa kuambiwa kwa tarehe.

Hii haimaanishi steroidi ni sumu. Ubongo ukiwa umevimba kiasi cha kuhatarisha uhai, daktari atazitumia bila kusita. Wala mgonjwa wa pumu au wa baridi yabisi aliyezizoea asiziache kwa ghafla, kwani hilo lenyewe ni hatari. Kinachohimizwa ni kwamba mtu mwenye dalili za ubongo asinunue steroidi dukani wala kudungwa sindano isiyojulikana jina, na kama tayari amezipata, aseme. Pakiti tupu, chupa au karatasi ya duka la dawa vibebwe hospitalini.

Kuthibitisha

Uthibitisho hutoka kwenye chembe zenyewe. Njia ya kawaida ni daktari wa upasuaji wa ubongo kutoboa tundu dogo kwenye fuvu na kupitisha sindano nyembamba hadi kwenye doa, akiongozwa na vipimo vya picha, kisha kuchukua kipande kidogo cha nyama. Picha hapa inageuka ramani: milimita chache huamua kama sindano itafika kwenye chembe hai au kwenye shimo lililokufa.

Jamaa mara nyingi huuliza kwa nini daktari, akiwa tayari ameingia, asiutoe uvimbe wote. Kwa uvimbe mwingine wa ubongo swali hilo lina msingi. Limfoma hutawanyika mbali kupita kile kinachong'aa kwenye picha, na kwa kawaida hukaa ndani kabisa, mahali ambapo kukata kungemwacha mgonjwa amepooza bila kuimaliza. Upasuaji ni wa kuchukua sampuli, tiba ni dawa.

Wakati mwingine jibu hupatikana bila kugusa ubongo. Maji ya uti wa mgongo yanaweza kubeba chembe za limfoma, na kwa mgonjwa wa HIV vinasaba vya virusi vya Epstein-Barr vikipatikana kwenye maji hayo pamoja na picha inayofanana, shaka hupungua sana. Watu wengi huogopa kipimo hiki wakisema sindano ya mgongo hupoozesha. Hudungwa chini ya mahali uti wenyewe unapoishia, na picha ya ubongo hutangulia ili daktari ajue kama ni salama kutoa maji. Macho pia huchunguzwa na daktari wa macho, kwa kuwa kwa baadhi ya wagonjwa ugonjwa umejificha huko.

Mwisho, mwili mzima hupigwa picha kuhakikisha limfoma haikuanzia mahali pengine. PET, ambayo humulika sehemu zinazokula sukari kwa kasi, ndiyo bora kwa kazi hii. Nchini Kenya inapatikana Nairobi, katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan na ile ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Pasipo PET, CT ya kifua na tumbo hutumika.

Haya yote yana haraka yake. Bila matibabu, wagonjwa wengi hawamalizi miezi michache. Dawa kuu ni methotreksati kwa kipimo cha juu, kinachotosha kupenya ule ukuta wa ubongo. Hutolewa mgonjwa akiwa amelazwa, kwa maji mengi ya mshipa na ukaguzi wa figo kila siku, na mara nyingi huambatana na rituksimabu. Mionzi hutumika kwa wengine. Mwenye HIV huanzishwa au kurudishwa kwenye ARV, na kinga ikipanda hali yake hubadilika pakubwa. Wapo wanaoishi miaka mingi baada ya matibabu, hasa waliofika kabla hawajapoteza uwezo wa kutembea.

Kujiandaa kwa picha

Mashine za CT sasa zipo katika hospitali kadhaa za kaunti, lakini upasuaji wa kuchukua sampuli na dawa hizi hupatikana katika hospitali za rufaa kama Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na ile ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret. Mgonjwa husafiri na barua ya rufaa. Usajili wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, hufanywa kwa kupiga *147#, na ni vyema ukamilike na michango ilipwe kabla ya safari, kwa sababu vipimo vikubwa huhitaji idhini ya SHA kabla ya kufanywa.

CT huchukua dakika chache. MRI inaweza kufika dakika 45, ndani ya tundu jembamba lenye kelele kama mtu anayegonga mabati, na asiyetulia hupata picha zenye ukungu. Anayeogopa kufungiwa aseme mapema, kuna namna ya kumsaidia. Mwenye kifaa cha kuendesha moyo, kipande cha chuma mwilini au risasi iliyobaki lazima amwambie mhudumu kabla ya kuingia kwenye chumba cha sumaku. Kwa picha yenye dawa, damu hupimwa kuona kama figo zinafanya kazi, na mwenye kisukari anayetumia metformini, mjamzito, au aliyewahi kudhurika na dawa ya picha anapaswa kusema.

Picha zote, za karatasi ngumu na za CD, hubaki mali ya kubebwa. Ripoti iliyoandikwa haitoshi, kwa sababu daktari wa upasuaji hupanga njia ya sindano kwa kuangalia picha zenyewe. Na zitahitajika kwa muda mrefu: baada ya matibabu kufanikiwa, mwongozo wa kimataifa ni MRI kila miezi 3 kwa miaka 2, kisha kila miezi 6 kwa miaka 3, halafu mara moja kwa mwaka hadi miaka 5 mingine ipite. Kila mpya hulinganishwa na za zamani, kwa hiyo ile CD ya siku ya kwanza isitupwe wala kuachiwa watoto kuchezea.